Fizi Zinapotoka Damu: Historia ya Magonjwa Adimu ya Mishipa, na Kwa Nini Mswaki Usitupwe

  Kama uko jikoni unapepeta mchele, au unamnyonyesha mtoto, endelea tu na kazi yako, lakini sikio lako nipe mimi kwa muda mfupi.

Leo nataka tuzungumze juu ya damu. Sio damu ya kidonda cha kisu wala cha kuanguka. Ni ile damu unayoiona mtoto anapotema baada ya kupiga mswaki. Mama mmoja akiiona husema, "Mswaki huu mgumu, wacha kwanza fizi zipone." Mwingine husema, "Sisi ukoo wetu ndivyo tulivyo, ni watu wa kutoka damu." Mswaki unawekwa juu ya dirisha, unakaa hapo wiki, mwezi, mwaka.

Msikilizaji, kwa watoto wengi uamuzi huo huleta meno mabovu. Kwa wachache, wale waliozaliwa na ugonjwa wa mishipa ya damu, unaweza kuleta kifo. Ili tuelewe sababu, itabidi turudi nyuma, tuone watu wa zamani walivyoifuata damu hii hatua kwa hatua mpaka wakajua inatoka wapi.

MACHUNGWA YA MALINDI

Tuanze hapa kwetu pwani. Ukifika Malindi utaonyeshwa nguzo ya Vasco da Gama, yule nahodha Mreno. Alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, kisha akavuka kwenda India. Safari ya kwenda ilikuwa nyepesi. Safari ya kurudi, upepo uliwakatalia, wakakaa baharini karibu miezi mitatu bila kuona nchi kavu. Mabaharia wakaanza kuugua. Fizi zao zilivimba zikafunika meno hata wakashindwa kula, na miguu nayo ikavimba. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko. Walipotia nanga Malindi mwezi wa Januari 1499, nahodha alituma mtu pwani akatafute machungwa kwa ajili ya wagonjwa.

Ugonjwa ule unaitwa kiseyeye. Unatokana na kukosa vitamini C, ile iliyomo ndani ya machungwa, mapera, nyanya na mboga za majani. Daktari James Lind wa jeshi la majini la Uingereza aliwajaribu mabaharia 12 mwaka 1747, akawagawa wawili wawili, kila jozi ikapewa tiba yake. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Baadaye sana, katika karne ya 20, ikajulikana kwamba mwili hutumia vitamini C kutengeneza nyuzi zinazoshikilia kuta za mishipa ya damu. Nyuzi zikilegea, ukuta unapasuka, na damu inatokea kwanza pale penye ngozi nyembamba, yaani kwenye fizi.

Hapo tunapata somo la kwanza. Fizi ni kama dirisha. Kupitia dirisha hilo unaweza kuona hali ya mishipa ya mwili mzima.

Lakini je, mtoto anayekula machungwa na sukuma wiki kila siku, na bado damu inamtoka, tuseme nini?

JARIBIO LA WATU 12

Kabla ya kufikiria ugonjwa adimu, fikiria ukoga. Ukoga ni ule utando laini, mweupe au wa manjano, unaokusanyika kwenye mpaka wa jino na ufizi. Mwaka 1683 fundi mmoja wa Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek, aliukwangua ukoga wa meno yake mwenyewe akautazama kwa hadubini aliyoitengeneza. Akaona vidudu vidogo vikicheza humo. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuona viini kwa macho yao, na aliviona katika kinywa chake.

Mwaka 1965, huko Denmark, daktari wa meno Harald Löe na wenzake walifanya jaribio rahisi. Watu 12 wenye fizi nzuri waliombwa waache kupiga mswaki. Wote 12 walipata uvimbe wa fizi. Wengine siku 10 tu zilitosha, wengine zikafika kama wiki tatu. Waliporudia mswaki, fizi zilirudi katika hali njema kwa muda wa kama wiki moja.

Tafakari jambo hili, mama. Damu haikuletwa na mswaki. Damu ililetwa na kukosa mswaki. Unapouweka mswaki juu ya dirisha ili fizi zipone, unafanya lile lile walilofanya wale watu 12 ili waugue. Na ndivyo ilivyo kwa wajawazito pia. Homoni za mimba hufanya fizi zivimbe na kutoka damu upesi zaidi penye ukoga. Dawa yake ni kusafisha kwa upole, si kuacha.

UKOO WA WATU WA KUTOKA DAMU

Sasa tuje kwa wale wachache. Katika miaka ya 1860 madaktari wa London walianza kuandika juu ya koo ambazo watu wake walitokwa na damu puani mara kwa mara, baba, mtoto na mjukuu. Henry Gawen Sutton aliandika mwaka 1864, na mwaka uliofuata akaandika Benjamin Guy Babington. Watu wengi waliofanana nao walidhaniwa kuwa na hemofilia, ule ugonjwa wa damu isiyoganda.

Mwaka 1896, huko Paris, daktari Henri Rendu alimpokea mwanamume wa miaka 52 aliyekuwa amepauka kwa kupungukiwa na damu. Pua yake ilikuwa ikitoka damu kila mara. Rendu hakuishia kwenye pua. Alimtazama uso, midomo na ulimi, akaona vidoa vyekundu vidogo, kama ncha ya kalamu. Alipouliza habari za nyumbani, akaambiwa kwamba mama na ndugu wa mgonjwa nao walikuwa wakitokwa na damu. Rendu akasema hii si hemofilia. Kasoro haimo katika damu, imo katika mishipa yenyewe.

Mwaka 1901 William Osler, Mkanada aliyekuwa akifundisha Baltimore nchini Marekani, aliandika juu ya wagonjwa wa aina hiyo hiyo na kuonyesha kwamba ugonjwa unafuata ukoo. Mwaka 1907 Frederick Parkes Weber wa London akaongeza wengine. Mwaka 1909 daktari Frederic Hanes akaupa ugonjwa jina refu, telanjiektasia ya kurithi yenye kutoka damu. Siku hizi madaktari wanaufupisha kwa herufi tatu: HHT.

Kasoro yenyewe ni nini? Katika mwili mzima damu inatoka moyoni kwa mishipa mikubwa yenye nguvu. Kisha inapita katika vijishipa vyembamba kama nywele, inapungua kasi, inagawa hewa na chakula, halafu inarudi. Kwa mwenye HHT, sehemu fulani hazina vile vijishipa vya katikati. Mshipa wa kupeleka umeunganishwa moja kwa moja na mshipa wa kurudisha. Ni kama mtu aliyefunga bomba la tangi kubwa kwenye mpira laini wa bustani. Maji yanakuja kwa nguvu, mpira unavimba, na siku moja unapasuka. Kwenye pua, midomo, ulimi na fizi, mpira huo uko juu juu kabisa.

Inakadiriwa kwamba HHT humpata mtu 1 kati ya 5,000 hivi duniani. Na usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Katika visiwa vya Curaçao na Bonaire, bahari ya Karibi, ambako wakazi wengi ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, watafiti waliukuta kwa takriban mtu 1 kati ya 1,300. Ndiyo maana vipimo vya kuutambua, vilivyochapishwa mwaka 2000, vinaitwa kwa jina la kisiwa hicho. Mambo yanayoangaliwa ni manne: kutokwa na damu puani mara kwa mara bila sababu, vidoa vyekundu kwenye midomo, kinywa, pua au vidole, mishipa yenye kasoro ndani ya mwili, kama kwenye mapafu au ini, na mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto mwenye ugonjwa huo. Mwenye matatu kati ya hayo ana HHT. Mwenye mawili anashukiwa.

Lakini angalia, mama: vidoa mara nyingi huchelewa kutokea mpaka mtu awe mzima. Mtoto huanza na pua. Kwa hiyo kidoa kikikosekana kwa mtoto, tazama midomo ya baba yake, na ya nyanya yake.

Na hakuna aliyelogwa. Mwaka 1994 wanasayansi walipata jeni ya kwanza yenye kasoro, na mwaka 1996 wakapata ya pili. Mzazi mmoja akiwa na ugonjwa, kila mtoto anayezaliwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi, awe wa kike au wa kiume.

KUTOKA KINYWANI HADI KWENYE UBONGO

Hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo yetu ya leo.

Mwaka 1890, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, Willoughby Miller, alitoa kitabu juu ya viini vya kinywani. Akaeleza kwamba viini hivyo vinaweza kutoka kinywani na kuleta madhara mahali pengine mwilini. Wengine walilichukua neno hilo wakalipindua. Kwa miongo kadhaa ya mwanzo wa karne ya 20, madaktari wa Uingereza na Marekani waling'oa meno mazima ya watu wengi wakidhani wanaponya magonjwa ya kila aina. Lilikuwa kosa, na watu walibaki vibogoyo bure.

Ukweli wa jambo lile ulijitokeza baadaye. Mwaka 1935, Okell na Elliott wa London walichukua damu ya watu mara tu baada ya kung'olewa meno. Kwa zaidi ya nusu yao, viini vya kinywani vilikutwa vikitembea ndani ya damu. Fizi zilipokuwa chafu zaidi, viini navyo vilionekana mara nyingi zaidi.

Kwa mtu wa kawaida hilo halina madhara. Damu inayorudi inapitia kwenye mapafu, na vijishipa vya mapafu hufanya kazi ya chujio, halafu askari wa mwili wanamaliza viini vilivyobaki. Lakini watu wengi wenye HHT wana mishipa yenye kasoro ndani ya mapafu. Chukua chujio lako la chai, litoboe tundu moja katikati, kisha mimina chai. Majani yataingia kikombeni. Ndivyo viini vya jino bovu vinavyopita kwenye tundu la pafu, vinaingia katika mshipa unaopanda kichwani, na kutengeneza jipu ndani ya ubongo. Mara nyingi madaktari walipochunguza usaha wa majipu hayo, walikuta viini vya aina ile ile inayokaa kinywani.

Na jambo la kutisha ni kwamba mtu mwenye tundu kwenye pafu anaweza kujisikia mzima kabisa. Anapanda mlima, analima, anacheza mpira. Jipu la ubongo ndilo linakuwa ishara yake ya kwanza.

Kwa sababu hiyo miongozo ya kimataifa ya HHT, iliyochapishwa mwaka 2011 na kuongezwa mwaka 2020, inasisitiza mambo haya. Mwenye HHT apimwe mapafu. Tundu likipatikana na likiwa la kuzibwa, lizibwe kwa njia ya mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, bila kupasua kifua. Na kabla ya kung'olewa jino, kusafishwa meno kwa kina au kazi yoyote ya meno inayotoa damu, apewe antibiotiki ya kumkinga. Hata aliyezibwa tayari anaendelea kupewa, na hata ambaye hajapimwa bado apewe, mpaka ijulikane kwamba mapafu yake ni salama.

Usinunue dawa hiyo dukani kwa kubahatisha. Aina yake, kiasi na saa ya kumeza vinapangwa na daktari. Kazi yako wewe ni moja: kusema. Usiketi kwenye kiti cha daktari wa meno ukanyamaza. Sema, "Daktari, mtoto huyu ana ugonjwa wa mishipa wa HHT," au, "Ukoo wetu tunatokwa na damu puani, na babake ana vidoa vyekundu kwenye midomo." Sentensi hiyo moja imetosha kuokoa maisha.

Wewe mama mwenyewe ukiwa na HHT, fanya haya kabla hujabeba mimba, ukiweza. Wakati wa mimba mishipa ya mapafu yenye kasoro inaweza kukua na kupasuka. Mjamzito mwenye HHT akikohoa damu au akishikwa na pumzi ghafula, hiyo ni hali ya hatari. Apelekwe hospitali saa ile ile.

MTOTO MWENYE ALAMA USONI

Yule Weber wa London ana habari nyingine inayotuhusu. Mwaka 1879, daktari William Allen Sturge aliwaonyesha wenzake wa London msichana wa miaka sita na nusu. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa na alama kubwa ya kuzaliwa, nyekundu iliyoiva kama zambarau, na alikuwa akishikwa na kifafa upande wa pili wa mwili. Sturge akasema, bila kuwa na mashine yoyote ya kuthibitisha, kwamba alama kama ile ya usoni iko pia juu ya ubongo. Mwaka 1922 Weber akaonyesha dalili zake kwa picha ya eksirei. Ugonjwa ukaitwa Sturge-Weber.

Alama hiyo haiishii kwenye shavu. Mara nyingi inaingia kinywani, ufizi wa upande ule unakuwa mwekundu, umevimba na unatoka damu ukiguswa. Tena watoto wengi wa aina hii wanatumia dawa za kifafa. Mojawapo ya zilizotumika sana ni fenitoini, iliyoanza kutumika mwaka 1938. Mwaka uliofuata tu, madaktari waliona kwamba fizi za wanaoitumia zinakua na kupanda juu ya meno. Kwa hiyo mtoto huyu anashambuliwa pande mbili: mishipa ya alama na dawa ya kifafa.

Je, dawa iachwe? La, hasha. Usiiache hata siku moja bila kuambiwa na daktari, kwa maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu na kumuua mtoto. Mwambie daktari hali ya fizi, anaweza kubadilisha dawa taratibu. Na ujue kwamba penye usafi mzuri wa meno fizi hukua kidogo zaidi. Jino la upande wenye alama lisiguswe kijijini wala kwenye chumba kidogo kisicho na vifaa. Ling'olewe hospitali yenye daktari wa meno aliyejiandaa kuzuia damu.

Najua pia maneno mnayoambiwa, kina mama. "Ulimcheka mtu mwenye alama." "Ulikula kitu cha mwiko." Mwaka 2013 wanasayansi walipata chanzo. Ni badiliko dogo la jeni linalotokea ndani ya chembe chache za mtoto akiwa tumboni, baada ya mimba kutungwa. Halikutoka kwa mama wala kwa baba. Hukufanya kosa lolote. Inua kichwa, umpeleke mtoto kliniki.

MILA TUNAZOPASWA KUZIANGALIA

Historia sio ya Ulaya peke yake. Sisi nasi tuna yetu ya kinywa. Wajaluo wa zamani walitoa meno sita ya mbele ya chini, na Wamaasai wakatoa mawili. Siku hizi wengi wameacha. Lakini mambo mawili bado yanafanyika katika sehemu nyingi za nchi. La kwanza ni kumchimbua mtoto mchanga yale yanayoitwa "meno ya plastiki" kwa kudhani ndiyo yanayoleta kuhara na homa. Hayo si meno ya plastiki, ni meno ya utotoni yanayojiandaa kutoka. La pili ni kukata kimio kwa mtoto mwenye kikohozi.

Mtoto yeyote anaweza kufa kwa kisu hicho, kwa kutoka damu, kwa pepopunda au kwa viini vingine. Mtoto aliyezaliwa na mishipa dhaifu hatari yake ni kubwa zaidi, na kwa umri huo hakuna anayejua bado kama anayo. Nyanya akisisitiza, mjibu kwa heshima, "Nyanya, ukoo wetu unatoka damu, tumpeleke kwanza kwa daktari." Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayekumbuka nani alikufa kwa damu.

TUNAFANYAJE NYUMBANI?

Tumia mswaki wenye nyuzi laini, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Tumia dawa ya meno yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita. Simama nyuma ya mtoto, shika kidevu, zungusha mswaki polepole kwenye mpaka wa jino na ufizi. Msaidie mpaka afike kama miaka saba au minane. Kama mnatumia mswaki wa mti, utafune mpaka ncha ilainike, na usichokoe kati ya meno kwa kijiti wala sindano.

Damu ikitoka kidogo, endelea kwa upole. Kwa mtu mwenye mishipa ya kawaida, itapungua katika wiki moja au mbili. Isipopungua, au ikitoka bila kuguswa, mwone daktari wa meno au afisa wa afya ya meno.

Kwa maumivu ya jino tumia parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni zinaongeza kutoka damu. Mwenye ugonjwa wa mishipa asizitumie bila ushauri wa daktari.

Damu ya puani ikitoka, mketishe mtoto, ainame mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia. Usimlaze chali, atameza damu. Jino likiisha kung'olewa, aume shashi safi kwa nusu saa, asisukutue wala kutema tema siku hiyo. Damu ikiendelea, arudi hospitali.

Mtu anayetokwa na damu mara kwa mara apimwe wingi wa damu, maana hupungukiwa polepole bila kujua. Maharagwe, ndengu, nyama na mboga za majani zinasaidia, na daktari anaweza kuongeza vidonge vya madini ya chuma.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Ukoga ndio unaoleta damu kwa watu wengi. Mswaki laini ndio tiba ya kwanza.
2. Mwenye ugonjwa wa mishipa anahitaji mswaki kuliko mtu mwingine yeyote.
3. Pua inayotoka damu, vidoa vyekundu midomoni na ukoo wenye hali hiyo: ukiona haya pamoja, mwambie daktari.
4. Kabla ya kung'oa jino, sema. Antibiotiki ya kukinga inaweza kuwa lazima.
5. Mwenye HHT akiumwa kichwa sana, akipata homa, degedege, akishindwa kusema au akilegea upande mmoja, awahishwe hospitali bila kungoja asubuhi.
6. Usikubali kisu kwenye fizi au kimio cha mtoto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Je, katika ukoo wako ni nani wanaotokwa na damu puani? Je, yuko mtu aliyekufa baada ya kung'olewa jino au kwa ugonjwa wa ghafula wa kichwa? Nani katika kikundi chetu ana mtoto mwenye alama usoni ambaye hajapelekwa kliniki, na tutamsaidia vipi kufika?

Msikilizaji, wale mabaharia wa mwaka 1499 hawakujua vitamini ni nini, lakini walijua kuomba machungwa. Rendu naye hakuwa na mashine. Alitazama midomo ya mgonjwa, akauliza habari za mama yake. Na wewe unaweza kufanya hivyo hivyo. Leo jioni, taa ikiwaka, mwambie mtoto afungue kinywa, utazame. Kisha uchukue ule mswaki ulio juu ya dirisha, uuoshe, na kama nyuzi zimepinda, kesho ununue mwingine.